Tusiilaumu Istanbul peke yake

Mwandishi unasema tamthilia za Kituruki zinaua utamaduni wetu. Nusu nakubali. Hapa kwetu Tanga, bibi aliyekuwa akituitia "Paukwa!" nasi tunajibu "Pakawa!" siku hizi ndiye anayetunyamazisha tusimharibie utamu. Na binti wa jirani juzi kaikataa singo, ule msuguo wa manukato anaofanyiwa bibi harusi. Alichotaka ni mchumba apige goti na pete mkononi, tena mbele ya kamera!

Lakini tusijifanye tumeanza kuiga jana. Taarab tunayoringia ina asili ya Misri, na nyimbo zake ngapi zimebeba mahadhi ya filamu za Kihindi? Tulichukua, tukatia maneno yetu, ikawa yetu. Sasa hivi tunaletewa chakula kimeshapikwa. Kituo kikinunua tamthilia iliyokwisha kurudisha gharama zake huko kwao, kikaiingizia sauti za Kiswahili, kinatumia hela kidogo kuliko kulipa waigizaji, kamera na mavazi. Msanii wa hapa atashindana vipi na bei hiyo? Hapo hukugusa kabisa.

Bibi nilimuuliza anawapendea nini Waturuki. Akanijibu, macho hayatoki kwenye runinga: "Mama mkwe wao kama wa hapa hapa Ngamiani."