Kilo Moja ya Haidrojeni

Jamani, mimi sina ugomvi na sayansi. Ila mpwa wangu anayesoma pale UDOM kanikuta barazani kwangu Nkuhungu, nimezungukwa na ndoo tupu nikisubiri maji ya mgao. Akaniamkia, akageuza ndoo moja akaikalia, akasema: “Mjomba, umeme wa kesho utatoka kwenye maji.”

Nikamwambia hata wa leo unatoka huko huko. Bwawa la Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, ameshasahau?

“Siyo hayo, mjomba.” Eti haya maji unayapitishia umeme, yanaachana: oksijeni inashika njia yake, haidrojeni yake. Kama umeme huo ni wa jua au upepo, ndiyo wanaiita haidrojeni ya kijani. Unaitunza, jua likizama unaichoma kwenye mtambo, unapata umeme bila hewa ya ukaa.

Subiri kwanza. Unatumia umeme kutengeneza gesi ya kutengenezea umeme?

“Ndiyo, mjomba.”

Nikaomba kalamu. Kilo moja ya haidrojeni inakula maji lita 9, tena yaliyochujwa mpaka chumvi yote iishe. Sasa njoo uone birika langu: ndani limeota gamba jeupe, ukilikwangua kwa kijiko linadondoka vipande vipande. Mtambo wao ukionja maji ya kisima cha huku utaomba uhamisho siku hiyo hiyo.

Umeme nao, uniti 50 na ushee kwa kilo. Mimi na familia yangu uniti 50 tunasukuma nazo mwezi, pasi ikiwemo! Na ukiigeuza tena kuwa umeme unarudishiwa uniti 16, ukibahatika sana 20. Hata kikoba cha Mama Neema kilichovunjika kwa matusi kilinirudishia nusu.

Mtoto akajitetea, na hapa nikiri ana hoja. Anasema wanaotumia akili hawachukui umeme wa kwenye LUKU yako, wanachukua jua la mchana linalozidi mahitaji, ambalo lingepotea bure. Betri inasukuma saa chache, haidrojeni inakaa hata miezi. Sawa, jua tunalo, Dodoma hatujawahi kulipungukiwa. Ila haidrojeni nyingi duniani leo bado inatolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, hewa ya ukaa inapaa kama kawaida. Ya kijani ni kidogo mno, ya kuonjea.

Na utaiweka wapi? Bila kugandamizwa, kilo hiyo moja haienei kwenye simtank mbili za lita 5,000. Ukitaka iwe kimiminika, uipoze mpaka nyuzi 253 chini ya sifuri. Friji yangu yenyewe juisi ya ukwaju inaishinda!

Mke wangu kumbe anasikiliza, anapepea jiko la mkaa. “Wewe mtoto, hiyo ya kijani inaivisha maharage?”

“Inaivisha, anti. Ila moto wake mchana hauonekani kabisa.”

Kipepeo kikasimama. “Hauonekani? Humu ndani mna watoto! Sasa nitajuaje kama nimezima?”

Mpwa akatazama simu yake, akakumbuka ana kipindi.