Alama za kwotabeki wa vyuo zinambebesha mmoja kazi ya wengi

Katika futiboli ya Marekani, kwotabeki ndiye anayerusha pasi, na vyuo humpa alama moja ya kupima pasi zake. Msimu wa 2021 kwotabeki Grayson McCall wa chuo cha Coastal Carolina alimaliza akiwa na alama ya pasi ya 207.6. Joe Burrow wa chuo cha LSU (Louisiana), katika ule msimu wake wa 2019, alipata 202.0. Kwa hesabu rasmi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, basi, McCall alirusha mpira vizuri kumzidi Burrow. McCall alirusha pasi 241 msimu mzima, akicheza ligi ndogo ya Sun Belt. Burrow alirusha 527 katika michezo 15, nyingi dhidi ya mabeki wa SEC, moja ya ligi ngumu zaidi za vyuo, na akabeba ubingwa wa taifa. McCall alistahili kila sifa aliyopewa, lakini kanuni inayomweka juu ya Burrow ina kasoro, na inafaa ifunguliwe.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Zidisha yadi za pasi kwa 8.4, tachidauni (pasi zilizozaa bao) kwa 330, pasi zilizodakwa kwa 100, kisha jumlisha. Toa 200 kwa kila pasi iliyonaswa na wapinzani. Gawanya kwa idadi ya pasi zote zilizorushwa. Burrow alikuwa na yadi 5,671, tachidauni 60, pasi 402 zilizodakwa na 6 zilizonaswa. Unapata 106,436.4, ukigawanya kwa 527 inatoka 201.97. Imetumika tangu 1979, na namba zake zilipimwa ili kwotabeki wa kawaida wa misimu ya 1965 hadi 1978 apate 100. Mchezo umebadilika mno tangu hapo. Leo mwenye 100 yuko njiani kuelekea benchi.

Sasa itazame ikifanya kazi kwenye pasi moja moja. Timu hupewa majaribio manne, yaitwayo dauni, ya kusogea yadi 10; ikifaulu hupewa mengine manne. Ni dauni ya tatu, zimebaki yadi 12. Kwotabeki anatoa pasi fupi, inadakwa, wanapata yadi 7, timu inalazimika kuupiga mpira mbali na kuwaachia wapinzani. Pasi hiyo imemletea 158.8. Dauni ya tatu nyingine, zimebaki yadi 2. Anapenyeza pasi ya yadi 3 katikati ya mabeki wawili na timu inaendelea kushambulia. Hiyo inampa 125.2. Aliyeshindwa kapata zaidi ya aliyefaulu, kwa sababu kanuni haijui ni dauni ya ngapi wala zimebaki yadi ngapi.

Kinachoniudhi zaidi ni namna inavyohesabu kuangushwa. Katika takwimu za vyuo, kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari wa kuanzia na mpira mkononi, yadi zilizopotea huandikwa upande wa kukimbia. Alama ya pasi haiguswi. Mchukue aliyerusha pasi 20, zikadakwa 13, yadi 160, tachidauni 1, ikanaswa 1. Ana 138.7. Mlinzi anamjia mbio. Akiutupa mpira nje ya uwanja, jambo ambalo kila kocha humfundisha, pasi zinakuwa 21 na alama inashuka hadi 132.1. Akiukumbatia mpira aanguke na kupoteza yadi 9, anabaki na 138.7 yake. Uamuzi wa busara unaadhibiwa, na ule unaoigharimu timu unapita bila adhabu.

Halafu kuna pasi ya skrini, pasi fupi anayopewa mdakaji aliye nyuma ya wenzake wanaomkinga. Mpira unasafiri yadi moja nyuma ya mstari, mdakaji anafunguliwa njia na wenzake, anakimbia hadi tachidauni, na pasi inaandikwa yadi 75. Kwotabeki anavuna 1,060 kwa mrusho huo. Akirusha yadi 40 hewani, mpira ukatua mikononi mwa mdakaji na ukamponyoka, anapata sifuri.

Vipimo vipya vimepunguza makosa haya. QBR, alama ya kwotabeki ya kituo cha michezo cha ESPN, iliyoanza 2011, inapima kila tukio uwanjani kwa jinsi lilivyobadili pointi ambazo timu inatarajiwa kufunga, inahesabu kuangushwa na kukimbia, inagawa sifa kati ya kwotabeki na wenzake, na kwa vyuo inarekebisha kulingana na ugumu wa mpinzani. Ni kipimo bora kwa mbali, ila msomaji hawezi kuirudia hesabu yake nyumbani. PFF, kampuni ya uchambuzi wa futiboli, nao wana watu wanaotazama video na kutoa alama kutoka −2 hadi +2, kwa hatua za nusu, kwa kila tukio uwanjani. Hapo pasi iliyoponyoka mikononi mwa mdakaji haimwumizi mrushaji. Lakini mtazamaji hajui kocha aliagiza nini. Mpira ukidondoka mahali pasipo na mtu, nani alikosea njia?

Nikipima kwotabeki, naanza na hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu: yadi za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila pasi iliyonaswa, toa yadi alizopoteza kwa kuangushwa, gawanya kwa pasi jumlisha idadi ya kuangushwa. Yule wa 138.7, kama hakuangushwa kabisa, ana 6.75. Kama aliangushwa mara 4 akapoteza yadi 28, ana 4.46. Kanuni ya NCAA inawaona wawili hao ni sawasawa. Baada ya hapo ondoa michezo dhidi ya timu za FCS, daraja la chini la futiboli ya vyuo, tenga pasi za nyuma ya mstari na zile zilizopita yadi 10 hewani, kisha linganisha alivyofanya akiwa salama na alivyofanya akiwa amebanwa. Pasi za kubanwa huwa chache kwa msimu mmoja, kwa hiyo ukiweza unganisha misimu miwili.

Na angalia nani alikuwa anadaka. Jayden Daniels wa LSU alifikisha 208.0 mwaka 2023, akiwarushia Malik Nabers na Brian Thomas Jr., ambao wote walichaguliwa raundi ya kwanza na timu za NFL, ligi ya kulipwa, mwaka uliofuata. Msimu huohuo Daniels alikimbia yadi 1,134 kwa miguu yake mwenyewe. Ndani ya ile 208.0 haimo hata yadi moja kati ya hizo.