Saa za huduma katika vyuo vya Kikristo vya Lubumbashi: muda unaopotea, au staji isiyoandikwa?

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, vyuo vikuu vya Kikristo vya Lubumbashi vinapata malalamiko yale yale. Mzazi anayelipa minervali (karo ya chuo) kwa awamu anauliza kwa nini mtoto wake wa uhasibu alazimike kuhudhuria ibada ya katikati ya juma na kutumika kanisani Jumapili, wakati kampuni za migodi zinatafuta mtu anayejua Excel, Kiingereza na usalama kazini. Chuo kinamjibu kwamba hakifundishi ufundi tu, kinalea na tabia. Jibu hilo ni la kweli lakini halimtoshi mzazi, kwa sababu yeye ameulizia kazi.

Malalamiko yenyewe yana uzito. Katika LMD, mfumo wa masomo wa licence, master na doctorat, mwanafunzi anabeba krediti 60 (vipimo vya kazi ya masomo) kwa mwaka, 180 hadi licence, shahada ya kwanza, na kila krediti inahesabu pia kazi anayofanya peke yake nje ya darasa. Anayetoka mitaa ya Ruashi au Katuba kwa taksi-basi, na jioni anauza vocha za simu ili ajilipie masomo, hana saa ya kutupa. Tena huduma isiyo na kazi iliyotajwa huishia kupanga viti na kubeba ngoma. Mwisho wake ni barua ya mchungaji inayosema kijana ana hofu ya Mungu. Mwajiri hawezi kuipima barua hiyo, na wala haimwambii kijana anaweza kufanya nini.

Hata hivyo, wanaodai saa za huduma zifutwe ili ziongezwe kwenye staji, yaani mazoezi ya kazi ndani ya kampuni, wanaipa staji sifa ambayo mara nyingi haina. Mwanafunzi anaacha barua ya maombi kwa sekretari, anasubiri, anapokelewa kwa mwezi mmoja. Hesabu za kampuni ni siri, hivyo hapewi neno la siri la programu ya uhasibu. Anawekwa mapokezi au kwenye fotokopi, anapanga faili, kisha anaandika ripoti akiangalia ya mwenzake wa mwaka uliopita: historia ya kampuni, muundo wa idara, shukrani. Na mwezi huo kwa kawaida huangukia likizo, wakati OHADA, mfumo wa sheria za biashara na uhasibu unaotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, inafunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Desemba. Kijana anaweza kumaliza licence bila kuona hesabu zikifungwa hata mara moja.

Kanisani, kinyume chake, pesa na karatasi zote zipo mezani. Chukua parokia ya kawaida yenye sadaka ya Jumapili kwa franka na kwa dola. Tuseme dola 200 zimeingia, na mweka hazina amezinukuu kwa kiwango cha franka 2,850, maana hesabu za OHADA huandikwa kwa sarafu ya nchi: ni franka 570,000. Jumatatu anakwenda kuzibadilisha ili alipe umeme na mishahara, na kambisti anampa 2,800 kwa dola. Mkononi ana 560,000. Pengo ni franka 10,000, na hakuna aliyeliandika. Pengo hilo likijirudia kila Jumapili, mwisho wa mwaka zinakosekana 520,000. Baraza la kanisa linaketi, linatazama jumla, na jicho linamwangukia mweka hazina. Watu wameitwa wezi hivyo, na makanisa yamegawanyika, kwa hasara ya kubadilisha fedha iliyohitaji mstari mmoja tu kwenye akaunti ya hasara za aina hiyo na tarehe ya kiwango kilichotumika.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuliziba pengo hilo, na akiliziba amejifunza uhasibu wa sarafu mbili ambao mkandarasi yeyote wa migodi anauhitaji kila siku. Tangu sheria ya 2017 ya sous-traitance (kazi ambazo kampuni kubwa huwapa wakandarasi) iwatengee kazi hizo wakandarasi ambao sehemu kubwa ya mtaji wao ni ya Wakongo, kampuni ndogo za aina hiyo hazikosekani mjini, na kasha lao haliko mbali na la parokia: franka na dola kwenye droo moja, risiti zilizoandikwa kwa mkono, na bodero (stakabadhi) za benki zilizokunjwa mfukoni mwa mtu.

Kuna zaidi. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na tangu 1 Januari 2024 mashirika yasiyotafuta faida yana mfumo wao wa uhasibu, SYCEBNL. Makanisa na ASBL (vyama visivyotafuta faida) vimo ndani yake. Parokia chache zina mtu wa kuushughulikia, na NGO zinaajiri watu wanaoujua. Kanisa lenye santineli (mlinzi) na katibu wanaolipwa linapaswa pia kuwatangaza CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi, 13 kutoka kwa mwajiri. Anayetayarisha mishahara ya watu wawili kwa miezi sita, akakosea, akasahihishwa, anaingia kwenye mahojiano akijua kitu ambacho noti za kozi peke yake hazimpi.

Kwa hiyo kosa liko kwenye namna saa hizo zinavyotumika, na linarekebishika. Krediti isitolewe kwa kuhudhuria ibada. Itolewe kwa kazi iliyokabidhiwa. Kabla ya kuanza, mwanafunzi, msimamizi wa parokia na assistant wa chuo (mwalimu msaidizi) watie sahihi ukurasa mmoja unaotaja kazi tatu au nne: kitabu cha kasha chenye safu mbili za sarafu, kulinganisha kitabu hicho na taarifa ya benki kila mwezi, orodha ya mali ya kanisa, karatasi za mishahara. Sadaka ihesabiwe na watu wawili, na mwanafunzi asiwe mmoja wao; yeye apokee karatasi iliyotiwa sahihi. Ulinzi huu ni wake kwanza, maana pesa zikipungua mgeni ndiye anayeshukiwa. Majina ya watoa fungu la kumi yabaki kwa mweka hazina, na mwanafunzi apewe namba za bahasha tu. Assistant apite mara moja kwa mwezi, achukue risiti kumi bila kuchagua, kisha azitafute kitabuni.

Cheti cha mwisho nacho kitaje kazi, kipindi na saa. «Ametumika kwa uaminifu» hakimfikishi mbali. «Ametunza kasha la sarafu mbili kuanzia Novemba hadi Aprili na kushiriki kufunga hesabu za mwaka» kinampa mwajiri swali la kuuliza, na kijana ana jibu. Miezi hiyo ichaguliwe kwa makusudi, ili 31 Desemba iwe ndani yake.

Swali gumu zaidi ni la wale ambao kanisa la chuo si lao. Mwislamu, Mkatoliki kwenye chuo cha Kiprotestanti, au yule asiyesali popote asilazimishwe kuhudumu madhabahuni ili apate krediti za uhasibu. Hapa wanaolalamika wako sahihi kabisa. Njia ipo, kwa kuwa makanisa yana shule za kikonvansione (za serikali zinazoendeshwa na makanisa) na vituo vya afya, na huko kazi ni ile ile: kadi za stoki ya dawa ambazo hazilingani na rafu, malipo ya wazazi yaliyoandikwa kwenye daftari mbili tofauti. Mwanafunzi achague mahali bila kuulizwa imani yake.

Linabaki lile ambalo chuo hakiwezi kuliamua peke yake: wachungaji wasiotaka vitabu vyao vifunguliwe. Parokia ikikataa mwanafunzi aone risiti, chuo kisimpeleke huko kupanga viti. Kimtafutie kituo kingine mapema, Oktoba, kabla saa hazijaanza kuhesabiwa.