Ushuhuda ukinenepa, anatukuzwa nani?

Jumapili moja nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda wa ajali ya bodaboda niliyopata miaka 11 iliyopita, nikasema nililala siku tatu sina fahamu, madaktari wameshakata tamaa, ndo Bwana akaniinua. Vigelegele vikapigwa. Tulipotoka nje mama mdogo, ambae ndo alikaa na mimi wodini, akanivuta pembeni akaniuliza taratibu: mwanangu, siku tatu zipi? Ulizinduka jioni ileile ukaomba uji.

Na mimi nilikua naziamini zile siku tatu, hapo ndo pagumu. Nimeisimulia hii habari mara nyingi mno, kila mara kikaongezeka kitu kidogo, mpaka nikawa nakumbuka masimulizi yangu, ajali yenyewe imeshafunikwa huko chini.

Wapo wanaosema tusihangaike na hesabu za siku, Mungu si ameponya, basi. Hoja hii ina uzito wake. Hata Matendo ya Mitume inasimulia mara tatu yaliyompata Paulo njia ya Dameski, sura ya 9, ya 22 na ya 26, na hazilingani neno kwa neno: sura ya 9 wenzake wanasikia sauti, ya 22 wanaona nuru ila ile sauti hawaisikii (wengi wanaeleza kwamba hawakuielewa), na ya 26, Paulo akijieleza mbele ya mfalme Agripa, Anania, yule aliemwekea mikono akaona tena, hatajwi kabisa. Halafu tukianza kudai vyeti vya hospitali, bibi asiejua tarehe atanyamaza, wakati maneno yake pengine ndo yangemtia moyo mgonjwa aliekaa benchi la nyuma.

Hayo yote nayakubali. Ila kuacha kitu na kuongeza kitu ni mambo mawili. Mtu akisimulia alivyokua mlevi halazimiki kuanika na siri za mkewe madhabahuni, hiyo ni heshima tu. Zile siku zangu tatu zilikua za kuongeza, na ukiuliza ziliongezwa kwa faida ya nani, sio Mungu, manake kuzinduka jioni ileile nako ni rehema. Ayubu aliwauliza rafiki zake hivihivi, sura ya 13, kama wanataka kumsemea Mungu uongo.

Nawafikiria wale wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenda Uganda, Kenya mpaka Bukoba. Kuungama kwao walikuita kutembea nuruni, na waliungama mbele ya ndugu na majirani waliowajua, yani ukisema uliiba, ulieibiwa huenda yupo kakaa hapohapo, na kuna waliorudisha kabisa walichoiba. Sisi sa hivi tunashuhudia mikutanoni mji wa mbali ambako hakuna anaekujua, klipu inasambaa, na kijana aliekulia Sunday school anaona aibu kwamba hana historia ya ujambazi wala madawa, anaanza kuazima. Wakati Agustino, askofu wa Hippo, alieleza kwa kirefu wizi wa mapeasi alioufanya akiwa na miaka 16, mapeasi tu, na hakuyageuza kua kitu kingine.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: kusahau sio dhambi, kuchanganya pia sio dhambi, ila aliekuepo akishakwambia ukweli, ukirudia tena yaleyale huo ni uongo hata kama umeanza na Bwana asifiwe. Na kunyamaza tu haitoshi, manake waliosikia wamebaki na siku tatu zako.

Jumapili iliyofuata niliomba dakika mbili nikasahihisha, mama mdogo akiwepo. Na klipu ya ule ushuhuda wangu, wote niliowatumia nimewaandikia mmojammoja kusahihisha, wawili wamejibu, wengine bado.