Chai ya artemisia inastahili jaribio lililo bora zaidi

Mwaka 2015, katika jimbo la Maniema mashariki mwa Kongo, wagonjwa wa malaria wapatao 950 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walinywa chai ya majani ya artemisia, wengine wakapewa dawa mseto ya artesunate na amodiaquine. Watafiti walisema si mgonjwa wala mhudumu aliyejua nani amepewa nini. Matokeo yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la Phytomedicine, na yalikuwa ya kutikisa: baada ya siku 28 chai ya aina moja ya artemisia ilikuwa imeponya asilimia 96.4, ya aina nyingine asilimia 88.8, na dawa ya hospitali asilimia 34.3 tu.

Baadaye jarida lenyewe likaiondoa makala hiyo.

Wapenzi wa tiba asili wakasema hayo ndiyo yale yale, mzungu hataki mmea wetu uonekane. Naielewa hasira hiyo. Lakini hebu tuitazame ile 34.3. Katika majaribio mengi barani Afrika dawa mseto hiyo huponya zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi. Kama kweli Maniema iliponya mmoja tu kati ya watatu, basi habari kubwa haikuwa chai. Ilikuwa msiba wa dawa kushindwa, na wizara ya afya ilipaswa kupiga mbiu siku hiyo hiyo. Halafu aina mojawapo ya mmea uliotumika, Artemisia afra, ina artemisinini, kiini kinachotengenezewa dawa za malaria, kidogo mno, pengine hakuna kabisa. Watetezi wanajibu kwamba yawezekana kuna viungo vingine vinavyofanya kazi kwa pamoja. Yawezekana. Ila dai zito namna hiyo lilihitaji jaribio lisilo na ufa hata mmoja.

Upande wa chai una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri. Artemisinini yenyewe ilitoka kwenye tiba ya jadi. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake huko China walipopekua vitabu vya kale, walikuta maelekezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: loweka gao la qinghao, yaani artemisia kwa Kichina, katika maji, kamua, kunywa maji yake. Hakutaja kuchemsha. Hapo Tu akashuku kwamba moto ulikuwa ukiharibu kiini cha dawa, akabadili njia, akaanza kukitoa kwa etha katika joto la chini, na sampuli ya mwaka 1971 ikawafyeka vimelea wa malaria katika wanyama wa maabara. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2015, mwaka ule ule wa jaribio la Maniema. Kwa hiyo anayesema waganga wa kale hawakujua kitu hajaisoma historia ya kidonge anachokimeza.

Vilevile, mama aliye mbali na zahanati, ambaye duka la jirani huenda likamuuzia dawa ghushi, hachagui kati ya chai na dawa bora. Huchagua kati ya chai na kukaa bure.

Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, limeshikilia tangu 2012, na likarudia 2019, kwamba halipendekezi artemisia kwa namna ya chai au majani makavu. Kiini cha dawa hutofautiana kati ya shamba na shamba, msimu na msimu, hata kwa jinsi majani yalivyokaushwa, na kikombe kinaweza kuwa na dozi ndogo kupita kiasi. Homa hushuka, vimelea hubaki, na wanaobaki ndio wanaofundwa usugu. Siku hizi hoja hiyo haiko Asia peke yake. Vimelea wenye mabadiliko ya jeni yanayohusishwa na usugu dhidi ya artemisinini wameonekana Rwanda, Uganda na hata Kagera. Hapo mimi nasimama na Shirika. Hata hivyo onyo si jaribio, na kukataza peke yake hakujawahi kumzuia mtu kupanda mche nyuma ya nyumba.

Mfano unaonivutia uko Mali, na unahusu gugu la kawaida liitwalo Argemone mexicana. Watafiti hawakuanzia maabara. Walipita majumbani wakiuliza: mara ya mwisho mlipougua malaria mlitumia nini, na ikawaje? Wakatafuta ni mmea upi uliandamana na kupona mara nyingi, wakajaribu dozi mbalimbali za mchemsho wake, ndipo wakaushindanisha na dawa mseto kwa wagonjwa 301. Katika kundi la mchemsho, asilimia 89 hawakuhitaji dawa ya pili. Katika kundi la dawa mseto, 95. Hakuna aliyetangaza kuwashinda Wazungu. Mchemsho ulipitwa kidogo, lakini sasa tunajua ulipitwa kwa kiasi gani, na kwa mtu aliye mbali na hospitali hiyo ni habari anayoweza kuifanyia kazi.

Linganisha na Loliondo mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500 kule Samunge, na taifa likapanga foleni, mawaziri kwa wakulima. Waliopima wakasema si sumu. Swali la pili, kama inaponya, lilikuja watu wakiwa wameshakunywa, na wengine wenye virusi vya UKIMWI wakiwa wameshaacha dawa zao. Mei 2020 tukarudia mtindo huo: ndege ikaenda Madagascar kuchukua kinywaji cha COVID-Organics, kilichodaiwa kutibu korona na chenye artemisia hiyo hiyo, kabla ya jaribio lolote la maana kuchapishwa.

Nani alipie majaribio kama ya Mali? Kampuni ya dawa haitaweka mabilioni kwenye jani ambalo kila mtu anaweza kulichuma. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, ina baraza la kuisimamia, na ina Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Ningeanza na fedha za umma kwa mmea mmoja ambao watu tayari wanaunywa, kwa namna ile ile wanavyouandaa, huku mganga anayeutumia akiwa mezani tangu dozi inapopangwa, na matokeo yachapishwe hata kama chai itashindwa.