Konda Hahitaji Semina, Anahitaji Mshahara

Wiki iliyopita, katika kipindi cha asubuhi cha redio ambacho sitakitaja, mgeni mmoja mwenye sauti iliyotulia alieleza kwa kirefu kwamba tatizo la usafiri wa Dar es Salaam ni malezi. Makonda, alisema, hawana lugha nzuri na madereva hawana subira. Kwa hiyo iandaliwe semina ya huduma kwa mteja, wapewe vyeti, na ikiwezekana wavae sare zilizopigwa pasi. Mtangazaji aliafiki kila neno, na wasikilizaji wakatuma ujumbe wa pongezi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele ndani ya daladala aina ya Coaster iliyokuwa ikitoka Gongo la Mboto. Dereva, mtu wa makamo ambaye nadhani angeweza kumzaa mtangazaji yule, alisikiliza mpaka mwisho, akapunguza sauti ya redio, kisha akaniuliza: "Dada yangu, huyo mgeni analipwa kwa mwezi au kwa siku?"

Katika mazungumzo yale yote hakuna aliyegusa jambo hilo. Tulisikia habari za adabu, za elimu, za bangi, hata za mavazi, lakini hakuna aliyeuliza watu hawa wanalipwaje, nani anawalipa na kwa utaratibu gani. Anayepanda daladala hahitaji kuelezwa hesabu ni nini, ila inaonekana wageni wa redio hawazipandi, kwa hiyo niseme kidogo kwa faida yao.

Hesabu ni fedha ambazo tajiri, yaani mwenye gari, hupelekewa kila siku. Tuseme tajiri ametaka shilingi 80,000 kwa siku. Gari linatoka alfajiri, watu wengine wakiwa bado wanageuka upande wa pili kitandani. Fedha za kwanza kuingia ni za mafuta. Zinazofuata ni za tajiri. Halafu kuna mpiga debe wa kituoni, ushuru wa stendi, mwosha gari, pancha ikitokea, na zile zinazoachwa barabarani kwa sababu ambazo hakuna anayezitaja kwa sauti. Kinachobaki baada ya hayo yote, ikiwa kimebaki, ndicho dereva na konda wanachogawana, na mara nyingi huanza kuonekana jioni, jua limeshazama na miguu imechoka. Maana yake ni kwamba sisi tunaopanda saa moja usiku, tukishangaa kwa nini konda ana haraka na hasira, tunakutana na mtu ambaye ndiyo kwanza ameanza kujitafutia chake. Tangu alfajiri alikuwa akimtafutia mwingine.

Na hesabu ina sifa moja ambayo kazi nyingine chache zinayo: haijui habari za dunia. Msafara wa kiongozi ukifunga barabara kwa muda mrefu, hesabu iko palepale. Mvua ikinyesha hadi Jangwani pakageuka ziwa na jiji zima likasimama, hesabu iko palepale. Bei ya mafuta ikipanda usiku wa Jumanne, asubuhi ya Jumatano anayeumia ni dereva, si mwenye gari. Ugonjwa ndio usiseme, kwa sababu dereva anayelala na homa hana siku ya mapumziko yenye malipo. Anampigia simu deiwaka, yaani dereva wa kushikiza, ampe usukani kwa siku hiyo, na akikaa kitandani muda mrefu huenda akakuta deiwaka amekuwa mwenye usukani. Wafanyabiashara wanatuambia kwamba faida ni malipo ya kubeba hatari. Hapa hatari imebebwa na mtu mmoja na faida ya uhakika imekwenda kwa mwingine, na bado tunamwandalia semina yule wa kwanza.

Tuziangalie basi dhambi zao, kwa kuwa zinafahamika. Dereva anakimbia kwa sababu tripu moja ya ziada ndiyo tofauti kati ya kurudi nyumbani na kitu na kurudi mikono mitupu. Huyohuyo anayekimbia anaganda kituoni mpaka gari lijae, kwa sababu tripu ya viti vitupu inakula mafuta bila kulipa. Anakatisha ruti na kutushusha njiani kwa sababu ng'ambo ya pili kuna abiria wengi zaidi. Abiria tunaona ukorofi wa aina tatu; mimi naona mtu mmoja anayefanya hesabu moja tangu asubuhi hadi usiku.

Dhambi inayoniuma zaidi ni ile ya kuwakataa wanafunzi, na hapa naomba nikae kidogo. Sote tumeona watoto wamejipanga kituoni na mabegi mgongoni, gari linasimama, konda anaweka mkono mlangoni na kusema wawili tu, wanaobaki wanasubiri jingine, na jingine nalo linasema wawili tu. Ni tukio la aibu na sitalitetea. Lakini nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili ya hiyo. Serikali iliamua, kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto asafiri kwa bei nafuu. Je, tofauti ile analipa nani? Si Serikali. Wala si tajiri, ambaye hesabu yake haipungui kwa kuwa gari lilijaa sare za shule. Anayelipa ni yule kijana anayening'inia mlangoni, ambaye huenda naye ana mtoto anayesubiri gari kwenye kituo kingine. Tumemchukua mtu asiye na mshahara, tumemfanya mfadhili wa elimu ya taifa bila kumwuliza, kisha kila Januari shule zinapofunguliwa tunamtukana magazetini kwa kukataa ufadhili. Mtoto wa kitanzania anastahili kufika shuleni bila kudhalilishwa. Ndiyo maana gharama hiyo ingepaswa kuandikwa katika bajeti na kubebwa na wote, badala ya kufichwa ndani ya mfuko wa suruali wa konda.

Mtaani kwetu kuna kijana ambaye ni konda wa miaka mingi. Kukiwa na msiba, ndiye anayekabidhiwa daftari la rambirambi. Hakuna kikao kilichowahi kumteua. Watu wanampelekea tu. Utamkuta chini ya turubai, noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole kama alivyozoea, za elfu kumi peke yake, za elfu tano peke yake, zote zimeangalia upande mmoja, na jioni hesabu inakubali mpaka kwenye sarafu. Mama mmoja aliyemsifu pale msibani nimemsikia mimi mwenyewe, ndani ya gari, akimwita konda mwingine mwizi kwa ajili ya chenji ya shilingi 100 ambayo ilikuwa haijarudishwa kwa sababu tu konda alikuwa hajamaliza kukusanya. Kijana huyu hutoka nyumbani na shati safi na kubadilisha nguo akifika stendi. Alipokwenda kujitambulisha ukweni alisema yuko katika sekta ya usafirishaji, na wala hakudanganya.

Niliwahi kumwuliza kama anaichukia kazi yake. Alishangaa. Alisema kazi yenyewe anaipenda: anapenda kujua jiji, kujua kwamba mvua ikianza Ukonga abiria watajaa kituo cha Banana, kumtambua kwa uso mtu atakayesema amesahau pochi, kugonga bodi mara mbili na gari zima likamtii. Anachochukia ni kupiga magoti. Nilifikiri anazungumza kwa mafumbo, kumbe alimaanisha siku za Jumapili, abiria wanapokuwa wachache, ambapo yeye na dereva wake humwendea tajiri kumwomba akubali pungufu, na tajiri huwaweka wamesimama barazani akiwauliza fedha wamepeleka wapi.

Dereva wa ile Coaster alinieleza jambo jingine. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya Tazara, nikamwuliza anawaonaje madereva wa mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka katika njia zao wenyewe, ambao tangu Mei 2016 wanaendesha mabasi yao bila kugombania mtu. Nilitegemea ataje mshahara. Alisema anachowaonea wivu ni kwamba zamu ikiisha mtu anashuka na kwenda zake hata kama kituoni kumejaa abiria. "Mimi nikiona watu kituoni siwezi kulala," alisema. "Nikilala nawaota."

Sasa nikubali ninayolazimika kuyakubali. Wapo makonda wenye midomo michafu ambao hata ukiwalipa kama wabunge wataendelea kuwa hivyo. Hesabu haimlazimishi mtu yeyote kumshika msichana mkono au kumtolea maneno ya kifedhuli, na anayefanya hivyo apelekwe polisi, siyo semina. Nakubali pia kwamba mshahara peke yake hauleti mabasi: wazee wetu wanaikumbuka UDA, shirika la umma la mabasi ya Dar es Salaam, ambalo liliwalipa watumishi wake mwisho wa mwezi, na wanakumbuka vilevile kusubiri basi mpaka miguu inavimba, jambo lililochangia Serikali kuruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983. Na abiria wa mwendokasi wanaogombania mlango wa basi pale Kimara asubuhi wana haki ya kunicheka.

Wala tajiri si lazima awe tajiri. Shangazi yangu alistaafu uuguzi, akachukua kiinua mgongo chake na mkopo juu, akanunua Coaster moja iliyotumika. Kwa miaka yote aliyokuwa nayo hakuwahi kulala vizuri. Hakujua gari limepakia watu wangapi, kwa kuwa hakuna tiketi. Hakujua limekwenda tripu ngapi. Alichojua ni tarehe ya rejesho la benki. Kwa mtu wa namna hiyo hesabu ni suluhisho la busara kabisa, maana inamwondolea haja ya kujua chochote. Nilimpenda shangazi, na nilimwona akimfukuza dereva mwenye watoto wanne kwa sababu ya pungufu ya siku mbili, siku ambazo mvua ilikuwa haijakatika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na rejesho.

Lakini busara ya mwenye gari haiondoi sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazungumzia saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Soma mstari huo kwa sauti katika stendi yoyote ya Dar es Salaam, watu watacheka kwa furaha. Mwenye gari atajibu kwamba dereva si mwajiriwa wake, amempa tu gari. Sawa; ila Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, katika kifungu cha 61 inasema kwamba mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa namna anavyofanya kazi au saa zake za kazi zinasimamiwa na mwingine, au akiwa anamtegemea huyo mwingine kiuchumi, au anatumia vitendea kazi vya huyo mwingine. Sijui tunahitaji kitendea kazi kikubwa kuliko basi zima.

Madereva wenyewe waliyasema haya zamani. Aprili na Mei 2015 waligoma, na miongoni mwa madai yao, pamoja na kupinga kurudishwa darasani kila wanapohuisha leseni, lilikuwemo hilo la mikataba ya ajira. Tuliobaki vituoni tulikasirika kwa kuchelewa kazini, yaani kwenye kazi zetu zenye mikataba. Zikaundwa kamati. Dereva wa Coaster aliniambia kwamba mkataba anao, aliusaini wakati gari linatafutiwa kibali. Nilipomwuliza umeandikwa nini ndani yake, alijibu kwamba hajui, kwa sababu nakala iko kwa tajiri.

Waliozoea matatu za Nairobi wataniambia kwamba kanuni za mwaka 2004 za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na sare, na kwamba mchezo wa kuwinda fedha za siku uliendelea vilevile. Naam, na ndilo ninalolisema: sare iliwezekana kukaguliwa barabarani, mshahara haukukaguliwa na mtu.

Mimi ningependa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kabla ya kuhuisha leseni ya usafirishaji, iache kuuliza kama mkataba upo na badala yake iombe kuona uthibitisho wa malipo ya miezi mitatu iliyopita yaliyoingia katika akaunti au simu ya dereva na ya konda, pamoja na michango yao ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwenye gari moja atapata tabu, najua. Basi waungane wenye magari kumi ya ruti moja, waajiri kwa pamoja, wagawane mapato na hasara za siku za mvua. Kikwazo halisi kitakuwa kilekile kilichomnyima shangazi usingizi, yaani kujua kilichokusanywa. Wapo wenye daladala wachache ambao tayari wanalipa kwa mwezi, na baadhi yao wanasoma hapa. Nawaomba waniandikie: mnawezaje kujua mapato ya siku pasipo tiketi, mnamlipa konda kiasi gani, na je, magari yenu yanapakia wanafunzi?