Disulfidi ya molibdeni: tanuri au silinda?

Grisi nyeusi ambayo fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anaipaka kwenye ekseli mara nyingi ina disulfidi ya molibdeni, na utelezi wake unatokana na umbo la fuwele. Atomu za molibdeni zimebanwa kati ya safu mbili za salfa, kila moja ikishikana na salfa sita. Ndani ya tabaka kifungo ni kigumu. Kati ya tabaka na tabaka kuna mvutano hafifu tu, basi zinateleza kama karata. Wanakemia Dickinson na Pauling walilibaini umbo hilo kwa eksirei mwaka 1923.

Swali ni njia ipi ya kuitengeneza disulfidi hiyo tuwafundishe kwanza wanakemia wetu hapa Dar.

Wapo wanaotaka tanuri. Molibdeni na salfa hufungwa ndani ya mrija wa kwatzi (quartz) usio na hewa, joto likapandishwa hadi karibu nyuzi 1,000, tena polepole, maana salfa huchemka kwenye nyuzi 445 na mvuke wake unaweza kuupasua mrija. Fuwele kubwa hudai siku nyingi za moto usiokatika. Umeme ukizimika usiku wa tatu, kazi imeharibika. Ila ukifanikiwa, unapata fuwele ya kubandua kwa selotepu hadi tabaka moja, na kwa transista, yaani swichi ndogo za kielektroniki, hakuna mbadala wa usafi huo.

Njia ya silinda ni nyepesi: molibdati ya amoniamu inayotoa molibdeni, thiourea inayotoa salfa, na maji, katika kikombe cha Teflon ndani ya silinda ya chuma iliyofungwa, nyuzi 200 kwa saa 24. Oveni ya kawaida ya maabara inatosha. (Ukifungua, harufu ya yai viza inakupokea, usifungulie mezani.) Wanaoipinga wana hoja nzito. Unga wake ukipimwa kwa eksirei hutoa vilele vipana, dalili ya mpangilio mbovu wa atomu, tabaka zimejikunja, na pengine ioni za amoniamu hujipenyeza katikati na kutanua umbali kati ya tabaka kutoka angstromu 6.15 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) hadi karibu 9.5. Anayeuita disulfidi safi kwa kuona weusi tu anajidanganya.

Hata hivyo naegemea silinda. Disulfidi hii ikitumika kama kichocheo cha kuzalisha hidrojeni kutoka kwenye maji, uso bapa wa tabaka karibu haufanyi kitu. Kazi hufanywa na kingo, na unga uliovurugika una kingo tele. Kinachomkera mwenye transista ndicho anachokitafuta mwenye kichocheo. Sharti langu ni kwamba kila unga upigwe eksirei kabla ya kupewa jina.